Kabla ya Zege, Uliza Kinafanya Kazi Gani

Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua ambayo haikuwa imeonekana tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Bonde la Mto Msimbazi likageuka ziwa, watu wakapanda juu ya mapaa kusubiri waokoaji, na maji yalipopungua Serikali ikafanya uamuzi ambao ulikuwa mgumu kuupinga: Jangwani, ndani ya bonde hilo, si mahali pa binadamu kulala. Familia zilizokuwa bondeni zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, zikapewa viwanja vya kuanzia maisha upya.

Mwaka uliofuata ujenzi wa awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, ukaanza. Ilikuwa njia ya kilometa 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani, na yenye njia za zege katikati ya barabara ambazo daladala wala gari binafsi haviruhusiwi kuzigusa. Kwa jiji lililokuwa limechoka na foleni, ulikuwa mradi wa kujivunia. Karakana yake kuu, mahali ambapo mabasi yangelala, yangeoshwa na kutengenezwa, ikajengwa Jangwani.

Wakazi wa Dar wanajua yaliyofuata. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, na tangu hapo masika yakikaza habari imekuwa ile ile: Barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani, maji yameingia karakanani, mwendokasi imesimama. Mabasi yamekutwa yakiogelea kwenye tope, injini na nyaya zake zikiharibika, na abiria wa Kimara wamerudi kituoni kugombea daladala kama zamani.

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba ukimkabidhi mkaguzi kila kipande peke yake, hataona kasoro kubwa. Sijasikia mtu akilalamika kwamba zege la karakana ile lilikuwa bovu, au kwamba nondo zilipunguzwa. Jengo lilisimama, barabara ilibeba mabasi, mabasi yalibeba watu. Kilichokosewa kipo katikati ya vitu hivyo. Mto ulikuwa na faili lake, karakana ilikuwa na lake, na haionekani kwamba kulikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuyafungua yote mawili kwenye meza moja.

Kazi hiyo ina jina: uhandisi wa mifumo. Ina ndugu yake aitwaye uhandisi wa thamani. Wa kwanza huuliza kitu hiki kitakutana vipi na vingine vyote vinavyokizunguka. Wa pili huuliza kitu hiki kinafanya kazi gani hasa, na kama kazi hiyo haiwezi kufanywa na kitu kingine kwa gharama ndogo zaidi. Katika miradi yetu ya ujenzi wa kwanza hukumbukwa baada ya maafa, na wa pili huitwa pale fedha zinapopungua, wakati ambapo huwa umekwisha kugeuka panga la kukatia bajeti.

Mtu ambaye hajengi chochote

Uhandisi wa mifumo haukuzaliwa kwenye ujenzi. Ulianza kupata sura miaka ya 1940 katika maabara za simu za Bell huko Marekani, kisha ukakomaa kwenye makombora na safari za mwezini. Sababu haikuwa ya kifalsafa. Chombo cha Apollo kilikuwa na vipande vingi mno vilivyotengenezwa na viwanda vingi mno, na hakuna fundi ambaye angeweza kukiweka chote kichwani mwake. Ikabidi wawepo watu ambao kazi yao si kutengeneza kipande chochote, ila kulinda mahali vipande vinapokutana.

Wahandisi wa ujenzi waliupokea kwa kusitasita. Daraja, kwa mtazamo wa wengi wao, si roketi: unamwaga msingi, unainua nguzo, unalaza sakafu, umemaliza. Lakini tazama barabara moja ya mjini leo. Chini yake yamepita mabomba ya maji na nyaya za umeme na za intaneti, kandoni kuna mtaro, juu kuna taa za kuongozea magari, kituoni kuna mashine ya kadi, na kila kimoja kina bosi wake. Dar es Salaam barabara ni ya TANROADS au TARURA, maji ni ya DAWASA, umeme ni wa TANESCO, mabasi yako chini ya wakala wa DART, na takataka zinazoziba mtaro ni za manispaa. Kila mmoja anaweza kutimiza wajibu wake kikamilifu na mji usitembee.

Mbinu yenyewe huanza na maneno kabla ya michoro. Mteja hulazimishwa kuandika anachotaka kwa namna ambayo siku moja mtu ataweza kusimama na kusema kimetimia au hakikutimia. "Karakana iwe ya kisasa, salama na yenye viwango vya kimataifa" ni dua. Hitaji la kihandisi lingesomeka hivi: mabasi yote yaweze kutoka karakanani kuanzia saa 11 alfajiri, kila siku ya mwaka, ikiwemo siku ya mafuriko ya kiwango kinachotarajiwa mara moja katika miaka 50. Ukiandika sentensi hiyo, mtaalamu wa mito lazima aitwe siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuijibu. Na akifika, swali lake la kwanza litakuwa: mnataka kuiweka wapi?

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Mafuriko ya "mara moja katika miaka 50" yana uwezekano wa asilimia 2 kutokea katika mwaka wowote. Katika miaka 20 ya maisha ya karakana, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unafika kama asilimia 33, yaani theluthi nzima. Kama eneo linafurika kwa mvua ya mara moja katika miaka 10, uwezekano huo unapanda hadi asilimia 88. Hapo huwezi tena kuyaita mafuriko ajali. Umeyaweka kwenye ratiba.

Wanaofundisha somo hili huchora herufi V. Mkono wa kushoto unashuka kutoka hitaji la mteja, kwenda mpangilio wa mfumo mzima, kwenda sehemu, mpaka kipimo cha nondo moja. Chini kabisa ni ujenzi. Mkono wa kulia unapanda: unapima nondo, kisha nguzo, kisha jengo, kisha jengo pamoja na barabara na mabasi, mpaka juu kabisa ambapo mteja anaangalia kama alichokitaka ndicho alichokipata. Siri ya mchoro huo ni mistari ya kulala inayounganisha mikono miwili. Kila ahadi iliyoandikwa kushoto huandikiwa jaribio lake kulia siku hiyo hiyo, kabla ya tofali la kwanza. Miradi yetu ina desturi ya kupima sana pale chini. Vitalu vya zege huvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28, na hilo ni jema. Pale juu, ambapo huulizwa kama kitu kizima kinafanya kazi, huwa tunapima kwa kukata utepe.

Barabara ya mwendokasi kuelekea Mbagala, ile ya awamu ya pili yenye urefu wa kilometa 20, ilikamilika ikakaa kwa muda mrefu bila mabasi. Njia ilikuwepo, vituo vilikuwepo. Mkandarasi wa barabara alikuwa amemaliza kazi yake, na kwa mkataba wake alikuwa sahihi. Nairobi nako abiria wa treni ya SGR iliyozinduliwa Mei 2017 husafiri kutoka Mombasa kwa raha, akashushwa Syokimau, nje ya katikati ya jiji, akaanza kutafuta treni nyingine au matatu ya kumfikisha mjini. Aliyejenga reli alihesabu safari kutoka stesheni hadi stesheni. Abiria huhesabu kutoka mlangoni hadi mlangoni.

Wala tusidhani hili ni tatizo la nchi zisizo na fedha. London ilichimba mahandaki mapya ya kilometa 42 chini ya jiji, mengine yakipita karibu sana na reli za zamani na misingi ya majengo, na uchimbaji ukamalizika mwaka 2015 bila mtikisiko mkubwa. Reli hiyo, ambayo sasa inaitwa Elizabeth, ilikuwa ifunguliwe Desemba 2018. Miezi isiyofika minne kabla, wahusika wakatangaza kwamba haitawezekana. Ilifunguliwa Mei 24, 2022, na gharama yake ikawa imepanda kutoka pauni bilioni 14.8 hadi karibu bilioni 19.

Kilichowakwamisha si udongo. Treni moja ilitakiwa kupita katika mifumo mitatu tofauti ya ishara, mmoja upande wa mashariki, wa pili kwenye mahandaki ya katikati na wa tatu upande wa magharibi kuelekea uwanja wa ndege wa Heathrow, na kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine bila dereva wala abiria kuhisi kitu. Kulikuwa na mikataba mikubwa zaidi ya 30, kila mkandarasi akibeba kipande chake. Muda ulipobana, majaribio yakaanza kubanwa pamoja na ujenzi: stesheni hazijaisha, programu za treni hazijaiva, na tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa. Kazi ngumu kuliko zote, ile ya chini ya ardhi yenye matope, ilikwisha kwa wakati. Iliyobaki ilionekana nyepesi kwa sababu haikuwa na winchi.

Swali la mnunuzi

Mwasisi wa uhandisi wa thamani hakuwa mjenzi. Lawrence Miles alikuwa mhandisi wa umeme aliyefanya kazi ya manunuzi katika kampuni ya General Electric wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Shaba, chuma na karibu kila malighafi ilikuwa imechukuliwa na jeshi. Miles alikuwa akiagizwa atafute kitu fulani, na kitu hicho hakipo. Kwa kulazimika, akabadilisha swali. Badala ya kuuliza "nitapata wapi hiki?" akawa anauliza "hiki mlikuwa mnataka kifanye kazi gani?" Mara nyingi kazi ile iliweza kufanywa na kitu kingine kilichokuwepo, na mara nyingine mbadala ukawa bora na wa bei ndogo kuliko wa awali. Vita ikaisha, yeye akaendelea na swali lake. Mwaka 1947 lilikuwa limekwisha kuwa mbinu kamili ndani ya kampuni, na mwaka 1961 akaiandikia kitabu.

Kuna kisa kimoja cha enzi hizo ambacho kila mhandisi mshauri angepaswa kukijua. Kiwandani zilihitajika karatasi za asbesto za kutandika sakafuni, chini ya mtambo uliokuwa ukidondosha rangi, na asbesto ilikuwa adimu. Muuzaji mmoja akauliza za kazi gani. Akaambiwa ni za kuzuia moto, maana rangi ile inawaka haraka. Akasema anayo karatasi nyingine isiyoshika moto, ipo tele na bei yake ni ndogo. Tatizo likawa halipo tena, isipokuwa moja: kamati ya usalama wa moto ilikataa, kwa kuwa kanuni ilikuwa imeandika asbesto. Kanuni ilitaja kifaa, haikutaja kazi. Ilichukua mabishano kuibadilisha.

Ndiyo maana mbinu ya Miles hutaka kila kitu kielezwe kwa kitendo na jina: beba mzigo, pitisha maji, zuia moto, tenga vyumba. Inaonekana kama mchezo wa shule ya msingi mpaka ujaribu. Chukua karakana ya mabasi. Inafanya kazi gani? Laza mabasi. Osha mabasi. Tengeneza mabasi. Lipa wafanyakazi. Ukishazitenga, unagundua hakuna sheria ya maumbile inayosema zote zikae mahali pamoja. Basi la kwanza la alfajiri hutakiwa Kimara, kwa sababu asubuhi watu wanatoka pembezoni kwenda mjini. Ukililaza Jangwani, kila alfajiri linasafiri zaidi ya kilometa kumi likiwa tupu au karibu tupu ili likaanze kazi. Kulaza mabasi ni kazi ya mwisho wa njia. Kinachoweza kudai kuwa karibu na katikati ni matengenezo ya dharura, nayo huhitaji eneo dogo zaidi, eneo ambalo lingeweza kupatikana mahali pengine au kuinuliwa juu ya tuta bila kufunika bonde zima.

Ninaelewa kishawishi cha Jangwani. Ukiangalia ramani, ni uwanda mpana, mtupu, katikati ya jiji, karibu na pale matawi ya njia yanapoachana. Kutafuta ekari kama zile Kimara kungemaanisha fidia, kesi na miaka ya kungoja. Kwenye karatasi ya gharama za ujenzi, Jangwani ilikuwa lazima ishinde. Lakini karatasi hiyo ilikuwa na safu moja tu, ya kujenga. Ingewekwa safu ya kuendesha, ya dizeli ya safari tupu, ya injini zilizoingia maji, ya siku ambazo mabasi hayakukusanya nauli, na ya kuhamisha karakana baadaye, jibu lingeweza kubadilika.

Na gharama ya kuhamisha si ya kufikirika tena. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, una ndani yake daraja jipya la Jangwani lenye urefu wa mita 390, kuuchimba na kuupanua mto, na kuiondoa karakana bondeni. Daraja hilo litagharimu mabilioni ambayo mwaka 2012 yangeonekana anasa. Hata hivyo linaongeza thamani, kwa sababu thamani katika somo hili ni kazi inayofanyika ikigawanywa kwa gharama yake. Unaweza kuipandisha kwa kupunguza gharama kazi ikibaki ile ile. Unaweza pia kuipandisha kwa kuongeza gharama kidogo na kazi mara nyingi zaidi. Njia hii ya pili ndiyo inayosahauliwa, kwa kuwa hakuna mbunge atakayepigiwa makofi kwa kusema mradi wake umeongezeka bei.

Mawe ya Kigoma

Tumezoea kulia sana, kwa hiyo niseme na mahali ambapo swali la Miles limejibiwa vizuri, hata kama hakuna aliyelitaja jina lake. Miaka ya karibuni TARURA imekuwa ikijenga madaraja ya mawe kwenye barabara za vijijini, ikianzia Kigoma kwa msaada wa Ubelgiji, kisha mikoa mingine. Ujuzi huo ulishafanyiwa kazi Uganda, katika milima ya Kasese, kabla ya kuvuka mpaka.

Daraja dogo la kijijini lina kazi mbili: pitisha maji chini, beba gari juu. Kwa miaka mingi jibu letu la kawaida limekuwa kalavati la zege au sakafu ya zege yenye nondo. Kwa nini nondo? Kwa sababu sakafu iliyolala bapa, gari likipita juu yake, upande wa chini unavutwa, na zege huvumilia kubanwa lakini si kuvutwa. Nondo zipo kwa ajili ya mvuto huo. Sasa ukilibadilisha umbo, ukalifanya tao, mzigo wote unageuka kuwa mbano: kila jiwe linamsukuma jirani yake mpaka mzigo unafika ardhini kwenye kingo. Mvuto umetoweka, na sababu ya nondo imetoweka pamoja nao. Jiwe, ambalo kwa kubanwa ni hodari, linatosha.

Kuanzia hapo hesabu ya Kigoma inakuwa tofauti na ya Dar es Salaam. Nondo ingesafiri reli ya kati, kilometa zaidi ya 1,200, halafu lori, halafu barabara mbovu ambayo ndiyo kwanza inatengenezwa. Jiwe lipo mlimani pale pale. Fedha ambayo ingemlipa mwenye kiwanda inamlipa anayevunja mawe, anayechonga na anayejenga kingo, na hao wanaishi kijijini, kwa hiyo daraja likipata ufa mwaka wa kumi fundi wake hayuko mbali. TARURA imekuwa ikieleza kwamba gharama hushuka hadi nusu na hata chini ya hapo ikilinganishwa na daraja la zege la ukubwa ule ule.

Lakini hapa ndipo ndugu wawili hawa wanapohitajiana. Kuna watakaosikia "nusu bei" na kuagiza kila wilaya ijenge madaraja ya mawe. Rufiji, ambako mto unatambaa kwenye mchanga na udongo laini na jiwe la maana lazima liletwe kwa lori, akiba yote inaweza kuliwa na usafiri, na msingi ukatitia. Tao husukuma kingo zake kwa nguvu. Ardhi isiyoweza kuvumilia msukumo huo haiwezi kubeba tao. Na pale mto unapoteremsha magogo wakati wa mvua, nguzo za matao madogo madogo huyakamata, uchafu ukajazana nyuma yake na daraja likawa bwawa. Thamani ya jiwe haimo ndani ya jiwe. Imo katika jiwe, mlima, mto, fundi na umbali wa kiwanda vikiwa pamoja.

Panga linapovaa joho la uhandisi

Juni 14, 2017, moto ulianza katika jiko la nyumba moja ya ghorofa ya nne katika jengo la Grenfell, magharibi mwa London, jengo la ghorofa 24. Moto wa jiko moja ulipaswa kuishia kwenye jiko moja. Badala yake ulitokea dirishani, ukashika ukuta wa nje na kupanda mpaka juu kwa muda mfupi. Watu 72 walikufa. Jengo lilikuwa limekarabatiwa na kumalizika mwaka uliotangulia, likavishwa paneli za nje. Katika mipango ya mwanzo paneli zilikuwa za zinki. Bajeti ilipobana, zikabadilishwa zikawa za aluminiamu zenye kiini cha polithilini, plastiki inayowaka kama mafuta. Akiba iliyopatikana kwa badiliko hilo ilikuwa pauni 293,368. Katika nyaraka za mradi, zoezi la kupunguza gharama liliitwa uhandisi wa thamani.

Miles angelikana jina hilo. Paneli ya nje hufanya kazi kadhaa: zuia mvua, tunza joto, pendezesha jengo, na juu ya yote, usibebe moto kutoka ghorofa hadi ghorofa. Waliobadilisha walilinganisha rangi na bei. Ile kazi ya nne haikukaa kwenye jedwali lao ikiwa na mwenye kuitetea. Tume ya uchunguzi, ambayo ilitoa ripoti yake ya mwisho Septemba 2024, ilionyesha jinsi wahusika walivyokuwa wakirushiana jukumu la usalama wa moto: msanifu akidhani ni la mkandarasi, mkandarasi akidhani ni la mtaalamu mwingine. Mahali wanapokutana hapakuwa na mtu, kosa lile lile la Jangwani kwa sura nyingine na kwa bei ya kutisha.

Huku kwetu panga hilo hutembea bila hata joho. Mjenzi yeyote wa nyumba anamjua fundi anayesema "hapa tukiweka nondo ya milimita 10 badala ya 12 inatosha, bosi." Inaonekana ni tofauti ndogo, lakini chuma kilichomo kwenye nondo ya 10 ni kama asilimia 69 tu ya kile cha nondo ya 12, kwa kuwa kinachobeba ni eneo la mkato na si upana. Kuuliza kama ya 12 ilikuwa lazima ni swali halali kabisa. Huenda aliyesanifu alizidisha. Lakini ni swali la kumpelekea aliyepiga hesabu, kabla zege halijamwagwa. Likijibiwa kwenye jukwaa la fundi saa sita mchana, limekuwa wizi hata kama hakuna aliyekusudia kuiba.

Muda ndio unaotenganisha. Mradi ukiwa bado ni wazo, unaweza kuhamisha karakana kwa kufuta mstari wa penseli. Ukiwa mchoro uliosainiwa, unalipia michoro mipya. Mkandarasi akishaingia, kuna madai ya kucheleweshwa. Ukishajengwa, kuna mkopo wa pili. Na mtiririko wa fedha zetu unafanya kinyume: upembuzi yakinifu hupewa kiasi kidogo na muda mfupi, kisha mabilioni yanatolewa kutekeleza majibu ya ule upembuzi wa haraka.

Mikataba nayo ina upande wake. Fomu za mikataba za FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambazo miradi mingi mikubwa ya huku huzitumia, zina kifungu cha uhandisi wa thamani. Katika toleo la 1999 mkandarasi akileta pendekezo la kubadilisha usanifu, likakubaliwa na kuokoa fedha, hupata nusu ya faida baada ya kuondoa hasara ambayo mteja anaweza kuipata. Ni kifungu kizuri, lakini kinamfikia mkandarasi wakati maamuzi makubwa yamekwisha kufanyika. Anaweza kupendekeza kokoto nyingine au namna nyingine ya kumwaga zege. Hawezi kupendekeza kwamba karakana ingefaa Kimara. Mhandisi mshauri ndiye angeweza kusema hivyo mapema, na pale anapolipwa kwa asilimia ya gharama ya mradi, kila shilingi anayoiokoa inampunguzia ujira.

Wamarekani walilitatua hilo kwa amri. Tangu miaka ya 1990 sheria yao inadai kwamba mradi mkubwa wa barabara unaotumia fedha za serikali kuu upitiwe na timu ya uhandisi wa thamani kabla usanifu haujafungwa. Tangu 2012 kizingiti ni dola milioni 50 kwa barabara na milioni 40 kwa daraja, kwenye mtandao wa barabara kuu za kitaifa. Timu hiyo huwa ya watu wasiohusika na usanifu wa awali. Hukaa kama wiki moja: wanakusanya taarifa, wanataja kazi za kila sehemu, wanatoa mawazo bila kuchekana, wanayachuja, wanayapigia hesabu yaliyobaki, kisha wanayawasilisha kwa mwenye mradi, ambaye lazima ayajibu kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana.

Kizingiti chetu kingepaswa kuwa chini ya hapo, kwa kuwa daraja la shilingi bilioni tano kwa halmashauri ya wilaya ni mzigo mzito kuliko daraja la dola milioni 40 kwa jimbo la Texas. Na ningeongeza masharti mawili. La kwanza, pamoja na wahandisi na mkadiriaji majenzi, awepo mtu atakayekiendesha kitu hicho kikishajengwa: msimamizi wa zamu, fundi wa karakana, dereva. La pili, awepo mtu wa eneo hilo aliyekaa pale miaka ya kutosha kuona masika mabaya. Posho za kikao cha namna hiyo kwa wiki nzima, chai na vitafunio vikiwemo, hazifikii bei ya basi moja refu la mwendokasi.